Anachekanga Kabla

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi hapa Kakamega humwona Ayuma akipanda ngazi za lile jengo lenye duka la rangi chini wakadhani anakwenda kufundisha Kiingereza. Manesi anaokutana nao huko juu walianza Kiingereza wakiwa chekechea, wakakifanyia mitihani yote ya shule, wakasomea uuguzi kwacho, na mgonjwa akiwafia wanaandika ripoti kwa Kiingereza hichohicho. Lakini mtu akitaka kwenda kuwauguza wazee wa Ulaya, sharti kwanza afanye mtihani wa kuthibitisha kwamba lugha anayoijua anaijua. Hapo ndipo kampuni ya Vuka ilipojipatia mlango. Ayuma anafundisha mtihani, na mtihani ni kitu kingine kabisa.

Kwa mfano, kulikuwa na vita vya l na r. Watu wetu hubadilisha hizo herufi bila kinyongo na nyumbani hakuna anayeumia. Ukimwambia mwenzako arare sarama, atalala salama salimini. Mtihani hausamehe. Mwuguzi mmoja wa Butere, mama mwenye mikono mizuri wodini, alimwambia Ayuma kwenye zoezi kwamba kwao Krismasi wanakula ingokho, yaani kuku, kwa chawa, maana kwa Kiingereza wali na chawa vimetenganishwa na herufi hiyo moja tu. Darasa lilicheka mpaka mwenye duka la rangi akapanda kuuliza kama kuna usalama. Ayuma alicheka nao, kisha akamshika yule mama kidevu, akamwonyesha ulimi unapokaa.

Alikuwa mwalimu mzuri. Eugene Shikanga, mwenye kampuni, alikuwa na suti ya rangi ya samli na maneno mengi ya kuuza, lakini alijua fika kwamba bila Ayuma angekuwa amefunga na kurudi kuuza bima. Alimwita Madam, akampa chumba chenye dirisha, na hakuwahi kumwingilia darasani.

Sasa katika mtihani huo kuna sehemu ya kuzungumza ambayo huwatoa watu jasho. Mtahini anakupa kadi, unaisoma, unafikiri kidogo, kisha unazungumza peke yako dakika mbili nzima huku yeye akikutazama kama umemkanyaga. Kadi inaweza kusema lolote: zungumza kuhusu safari, kuhusu kitu ulichopoteza, kuhusu mtu unayemheshimu. Manesi ambao wameshika mikono ya watu wanaokata roho bila kutetereka hufika hapo wakabwatuka sentensi tatu na kunyamaza.

Siku ya kwanza Ayuma kuingia Vuka, Eugene alitaka wanafunzi waone mambo yanavyofanywa. Akachomoa kadi moja bila kuitazama, akampa, akatoa simu yake aanze kurekodi.

"Madam, waonyeshe."

Kadi ilisema: zungumza kuhusu mtoto anayekuchekesha.

Ayuma alikuwa amemzika mwanawe wa pekee mwaka uliotangulia. Gentrix. Miaka minane, homa ya uti wa mgongo, hospitali, na kabla mama hajaelewa daktari anasema nini tayari watu walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka Musanda, kwa akina baba yake, akalazwe kando ya shamba la miwa. Hakuna aliyejua hayo pale Vuka. Ayuma angeweza kuomba kadi nyingine. Aliinua macho, akaona wanafunzi wamemkodolea, akaona simu ya Eugene imeelekezwa kwake, akafungua kinywa.

"Nina binti anayeitwa Gentrix," alisema kwa Kiingereza. "Ana miaka minane. Anapenda kutuchekesha, ila ana tatizo moja. Anacheka kabla. Ana kichekesho cha kuku aliyekwenda kanisani. Anaanza vizuri: kuku anaamka, anajipaka mafuta, anavaa kitambaa. Akimfikisha kuku mlangoni mwa kanisa anaanza kucheka yeye mwenyewe, anajishika tumbo, anaanguka kwenye kiti, na sisi wote tunaanguka naye. Mwisho wa kichekesho hatujawahi kuusikia."

Alizungumza dakika mbili bila kukwama. Kiingereza chake kilikuwa safi, ila alikuwa akiwaza kwa lugha ya nyumbani, na nyumbani tuna hii -nga yetu ambayo walimu wa Kiswahili wameichapa miaka yote bila kuiua. Anachekanga. Anapendanga. Anaulizanga. Hiyo -nga hutaja tabia ya mtu, na kwetu tabia ya mtu haizikwi naye; mama yake Ayuma mpaka leo atakwambia kwamba marehemu mumewe anapendanga chai kali. Ukiigeuza kwa Kiingereza upesiupesi inatoka katika wakati uliopo, kama vile mtu yuko chumba cha pili. Kosa la namna hiyo Ayuma humkata mwanafunzi alama kila siku. Yeye alilifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliponyamaza darasa lilipiga makofi.

"Kumbe una binti mcheshi hivyo," Eugene alisema akifuta machozi ya kicheko. "Siku moja umlete ofisini."

"Nitamleta," Ayuma akajibu.

Basi. Hapo ndipo lilipoanzia.

Eugene aliituma ile sauti kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi, iwe jibu la mfano. Watu wa mtihani wamekataza kukariri, na Vuka pia ilikataza, kwa mdomo. "Msikariri," Eugene aliwaambia, "igeni tu." Lakini mwambie hayo nesi aliyetoka zamu ya usiku akapitia nyumbani kumwogesha mtoto, akaja darasani na macho mekundu. Yeye anataka kitu cha kushika. Walimshika Gentrix. Kumbe hadithi yake ilitosha kadi nyingi: mtu anayekuchekesha, mtoto unayemjua, jambo la kifamilia, hata kichekesho ulichosikia. Mwezi haukuisha kabla Ayuma hajakaa kwenye kiti cha mtahini na kumsikia mtu mwingine akimtaja binti yake.

Alikuwa Kipkoech, kijana wa Lugari. "Nina mpwa anayeitwa Gentrix," alianza, akitazama dari kama wanavyotazama wanaokariri. "Anasimulia kichekesho halafu anacheka sana."

Mwalimu mwingine angemsimamisha na kumwambia atafute mpwa wake wa kweli. Ayuma alihisi mwili wote umepata joto.

"Kabla," alisema. "Anacheka kabla. Anza tena."

Kipkoech akaanza tena, na safari hii alipatia.

Ilikuwa furaha, tusizungukezunguke. Mwanamke aliyekuwa akiamka asubuhi akiuona mchana kama mlima, sasa alifika kazini kabla duka la rangi halijafunguliwa. Mtaani jina la Gentrix lilikuwa limeondoka pamoja naye. Majirani wa kwao Shieywe, waliokuwa wakimwita Mama Gentrix kutoka ukutani hadi langoni, walianza kumwita Mama tu, kwa huruma, na huruma yao ilimkata kuliko tusi. Lakini huko juu ya duka la rangi mtoto alikuwa akicheka kila siku, kwa sauti za watu wa kila namna. Chepng'etich, nesi wa chumba cha upasuaji, alimfanya mrefu mwenye mbio. Gentrix halisi alikuwa mvivu wa kukimbia, wa kukaa chini katikati ya mashindano akachezea majani, lakini Ayuma alimwacha Chepng'etich amkimbize. Mtoto alikuwa akikua. Alisafiri na watu kwenda kufanya mtihani Eldoret na Kisumu, akaketi mbele ya watahini wasiomjua, akawachekesha, na wengine walivuka naye bahari kwa sababu alama za kuzungumza zilipanda.

Nyumbani alikuwa Patroba, mumewe. Patroba hutunza ng'ombe wa maziwa katika chuo cha kilimo cha Bukura, mwanamume mtaratibu anayezungumza na ndama kuliko anavyozungumza na watu. Yeye alianza kusema "alikuwa" tangu siku ile ya mazishi. Ayuma akipakua maharagwe akasema, "Gentrix hapendi haya," Patroba angejibu bila kuinua kichwa, "Alikuwa hapendi." Akisema, "Gentrix analala upande wa ukutani," atasikia, "Alikuwa analala." Hakuwa akimgombeza. Alisema polepole, kama mtu anayefunga mlango ulioachwa wazi. Ayuma alimchukia kwa hilo neno moja. Kuna usiku alitamani amtupie sahani. Mtu gani huyu, alijiuliza, aliyemzika mtoto wake mara moja na kumaliza?

Kwa hiyo hakumwambia yanayotokea Vuka. Ilikuwa siri yake ya kheri, na alijua Patroba angekuja nayo hiyo "alikuwa" yake akaiharibu.

Hatari aliijua pia, tusimpambe. Mtu hafundishi mtihani kila siku bila kujua kwamba watahini huzungumza wao kwa wao. Aliwahi kulala akiwaza atawaambia wanafunzi waache. Asubuhi mtu akaketi mbele yake akasema, "Nina binti wa dada yangu, anaitwa Gentrix," na mawazo yote ya usiku yakayeyuka.

Halafu akaja Navalayo.

Navalayo alikuwa nesi wa watoto, mtoto wa wakulima wa mahindi kule Lugari, msichana mwenye sauti nzito na ya joto. Alikuwa na nafasi inayomsubiri katika hospitali moja ng'ambo. Barua ya ajira ilikuwa tayari na kilichobaki ni alama hizo. Na alikuja na hadithi yake mwenyewe, jambo la nadra. Kadi ya mtoto ilipotoka, alizungumza juu ya kaka yake mdogo aliyemfundisha mbuzi kuitika jina. Ilikuwa hadithi nzuri. Ilikwama hapa na pale, r zilikuwa nyingi mahali pa l, lakini ilikuwa yake.

"Iko sawa, mwalimu?" aliuliza.

Ayuma alipaswa kusema ndiyo. Akamtazama, akaisikia ile sauti, akawaza jinsi ingemtoa Gentrix.

"Kuna ingine iko na uhakika zaidi," alisema. "Ile ya kuku. Jaribu hiyo."

Navalayo alijaribu. Wengine wote walikuwa wakisema kwamba Gentrix anacheka. Navalayo alicheka. Kuku alipofika mlangoni mwa kanisa, kicheko kilianza chini kabisa kooni, kikampanda, akajishika tumbo, na Ayuma akalazimika kugeukia dirishani ajifanye anatafuta kalamu. Wiki zote zilizofuata alimwomba arudie. "Mara moja tu tena," alimwambia, hata siku ambazo msichana hakuwa na haja ya kurudia chochote. Mbuzi wa kaka yake hakutajwa tena.

Navalayo alikwenda akafanya mtihani, na kadi iliyomwangukia ni ya mtu anayekuchekesha. Alitoka akiimba. Matokeo ya wenzake yakaja, yake hayakuja. Badala yake ulikuja ujumbe kutoka kwa wasimamizi wa mtihani: hadithi yake ilikuwa imesikika kwa watahiniwa wengi mno katika vituo mbalimbali, matokeo yamezuiwa, aeleze, na kampuni iliyomtayarisha ieleze pia.

Eugene alifunga mlango wa ofisi, akawaketisha Navalayo na Ayuma.

"Ni rahisi," alisema. "Navalayo, utasema huyo mtoto ni wako. Nani atajua? Wale wengine walikuibia wewe hadithi."

"Mimi sina mtoto," Navalayo alisema. "Na wakiniuliza cheti chake?" Akamgeukia Ayuma. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwalimu, si nilikuwa na yangu ya mbuzi? Ulisema hii iko na uhakika. Hii stori ni ya nani? Nani aliitunga?"

"Haikutungwa," Ayuma alijibu.

"Basi huyo mtoto ni wa nani?"

Ayuma akainuka, akasema atatafuta namna, akashuka ngazi. Alitembea mjini bila kujua anakokwenda, akajikuta amesimama mbele ya banda la mama wa mboga akiulizwa anataka sukuma au mrenda. Alinunua vyote viwili ili apate muda wa kusimama. Kilichomchoma kilikuwa wazi, na alikijua kwa maneno yake: ili amwokoe Navalayo atalazimika kueleza mtoto ni wa nani, na kusema mbele ya watu lile "alikuwa" ambalo hakulisema hata kaburini. Akikaa kimya, msichana wa watu atapigwa marufuku, na ile nafasi itapewa mtu mwingine. Alishangaa kugundua kwamba kwa muda mfupi, pale mbele ya mboga, alikuwa amefikiria kukaa kimya.

Wasimamizi walipanga mazungumzo ya video. Eugene aliweka kompyuta juu ya meza, akapanga viti vitatu. Upande wa pili alitokea mwanamke wa makamo mwenye miwani, akawasalimu kwa adabu, akaanza na Navalayo. Walizungumza Kiingereza. Navalayo alisema kweli: hadithi alipewa na mwalimu, alihimizwa kuitumia, mtoto mwenyewe hamjui.

"Bi Ayuma," yule afisa akasema, "nitakueleza mambo yalivyo. Kama mtoto huyu ametungwa na kampuni ili watu wamkariri, sisi tunahesabu ni udanganyifu wa wote, na Navalayo hataruhusiwa kufanya tena mtihani huu kwa muda mrefu. Kama ni mtoto wa kweli, na wewe mwalimu ndiye uliyempa mwanafunzi maisha yako ayasimulie, kosa ni lenu ninyi. Yeye atarudia mtihani mara moja. Je, mtoto huyu yupo?"

"Yupo," Ayuma alisema.

Ilimtoka tu. Eugene akapumua.

"Ni binti yako?"

"Ni binti yangu."

"Vizuri sana. Yuko wapi sasa? Ningependa kumsalimu, kama yuko karibu."

Ayuma alitazama mikono yake. "Yuko Musanda."

"Anaishi Musanda?"

Hapo pakawa hapana pa kupita. Navalayo, aliyekuwa kando yake, alikuwa mwuguzi wa watoto, na wauguzi wa watoto wanajua kusikia ukimya wa mama. Aligeuka akamtazama mwalimu wake usoni. Taratibu akajiziba mdomo kwa mkono.

"Hapana," Ayuma alisema. Akavuta pumzi kama anavyowafundisha, kutoka tumboni. "Alikuwa akiishi na mimi, hapa mjini. Alikuwa binti yangu wa pekee. Aliitwa Gentrix. Alikuwa na miaka minane. Aliugua homa ya uti wa mgongo, akafa. Tulimzika Musanda, nyumbani kwa baba yake."

Hakukosea kitenzi hata kimoja.

Yule afisa alivua miwani. Alisema pole, akasema tena, akatafuta maneno mengine asiyapate. Alisema hilo linatosha, Navalayo atapewa tarehe mpya, na hadithi hiyo isitumike tena na mtu yeyote. Alikuwa karibu kuzima mazungumzo, kisha akasita.

"Nisamehe," alisema. "Watahini wetu wameulizana sana. Kile kichekesho cha kuku. Kinaishaje?"

"Hatukuwahi kujua," Ayuma alijibu. "Alikuwa akicheka kabla."

Kioo kikawa cheusi. Eugene akamgeukia Ayuma. "Madam," alisema, "mimi nilikuambia umlete ofisini." Akatoa simu yake aifute ile sauti ya siku ya kwanza, kidole kikashindwa, akampa Ayuma aifute mwenyewe. Ayuma hakuipokea. Ilibidi Navalayo aichukue na kuifuta, kule kwenye kundi na kule ilikohifadhiwa, huku machozi yakimdondokea juu ya kioo, na kila mara akipangusa kioo kwa mkono wa sweta ili aone pa kubofya.

Kwenye ngazi, Navalayo alimshika Ayuma mkono.

"Mimi sikujua, mwalimu. Nilikuwa nadhani ni wa kutunga tu. Kumbe nilikuwa nachekanga mbele yako hivyo."

"Ulikuwa unacheka vizuri," Ayuma alimwambia. "Mimi ndiye nimekukosea. Rudi kwa mbuzi wako. Kesho uje tunyooshe zile r."

Msichana alikubali kwa kichwa, akashuka.

Ayuma alikwenda nyumbani Shieywe kwa miguu. Jua lilikuwa bado halijatua, watoto wa mtaa walikuwa wanatoka shule. Alihisi wepesi wa ajabu, wepesi wa mtu aliyetapika, na katika wepesi huo aliwaza juu ya Patroba. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimwonea huruma. Muda huu wote mwanamume wa watu alikuwa akisema neno la kweli peke yake ndani ya nyumba, na mkewe akimtazama kama adui. Leo atamwambia. Leo watakuwa upande mmoja, na pengine watalia pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya sawasawa.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, amerudi kutoka Bukura, anasugua gambuti zake kwa brashi. Mkebe wa maziwa ulikuwa kando. Ayuma aliweka mfuko chini, akakaa karibu naye, akamwambia yote tangu mwanzo: kadi, sauti, manesi, Kipkoech, Navalayo, yule mama wa miwani. Patroba alisugua polepole, kisha akaacha kusugua.

"Kwa hivyo nimesema, Baba Gentrix," Ayuma alimaliza. "Mbele ya watu. Nimesema alikuwa. Ulikuwa unasema ukweli siku zote, na mimi nilikuwa nakukasirikia bure. Sitakusumbua tena na hayo maneno."

Alingoja mumewe amshike mkono. Patroba aliiweka brashi chini, ikabiringika ikaanguka kwenye mchanga, hakuiokota. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Katika siku zote za msiba, hospitalini, njiani, kaburini, Ayuma hakuwahi kuona midomo ile ikitetemeka.

"Hata wewe?" alisema.

"Hata mimi nini?"

"Mama Gentrix, mimi nilikuwanga nasema alikuwa kwa sababu wewe ulikuwanga unasema yuko." Sauti ilimkatika, akaitafuta. "Nasema alikuwa, halafu nangoja nikusikie. Kila siku nangoja. Ukisema hapendi maharagwe, najua kuna mtu kwa hii nyumba bado hajamwacha, hata mimi naweza kwenda kukamua ng'ombe. Sasa umeacha. Nani atasema yuko?"

Akajifunika uso kwa mikono ile yenye matope, mabega yakaanza kumtikisika, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyepata habari za msiba sasa hivi. Jirani alichungulia ukutani akarudi ndani. Ayuma alimshika kichwa, akakilaza kifuani pake, akafungua kinywa amwambie kwamba yuko, Baba, yuko, anachekanga. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, lakini neno lilikataa kutoka.